Uzi maalumu: Vyungu vya kupikia vya kale, kuanzia shimo la udongo mpaka mafigani

Kigae Kimoja

Habari za jioni wakuu.

Juzi humu ndani watu walibishana kuhusu maharage ya chungu na maharage ya sufuria, mjadala ukaishia kwenye Simba na Yanga kama kawaida yetu. Nimeona nifungue uzi unaojitegemea. Nilisoma akiolojia, na sehemu kubwa ya kazi ile haina picha za kupendeza: unakaa na beseni la maji na mswaki wa meno, unaosha vigae kutwa nzima. Ukishaosha vingi unagundua kwamba makumbusho wanakuonyesha upande wenye nakshi tu, ule wenye masizi wanaugeuzia ukutani. Hoja yangu kwenye uzi huu ni kwamba chungu cha kupikia ni mtambo wa moto kwanza, urembo unafuata. Umbo lake, unene wake, hata mchanga uliomo ndani yake, vyote ni majibu ya swali moja alilokuwa nalo mfinyanzi: nifanyeje udongo huu usipasuke mafigani?

Historia kwa kifupi. Vigae vya zamani zaidi vinavyojulikana duniani vilitoka kwenye pango la Xianrendong, jimbo la Jiangxi, China. Umri wake ni kama miaka 20,000 na baadhi vimeungua upande wa nje, yaani vilikaa motoni. Afrika, vya Ounjougou nchini Mali vina zaidi ya miaka 11,000. Huku kwetu, wavuvi wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa na vyungu zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Wataalamu wanawaita watu wa Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo kwenye Mto Kagera. Hao walikuwa hawalimi. Wanaosema chungu kilikuja na jembe wakumbuke kwamba samaki naye anachemshwa.

Wakaja Urewe, miaka kama 2,500 iliyopita, jina limetoka Nyanza nchini Kenya ila vyungu vyake vipo Kagera, Rwanda, Burundi na Uganda pia, mara nyingi pamoja na mabaki ya wafua chuma. Kisha vya Kwale, karne za mwanzo baada ya Kristo, pwani na milima ya nyuma yake hadi Upare na Usambara. Kuanzia karne ya 6 hivi mpaka ya 10, pwani yote kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro inajaa vyungu vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni na kujazwa mistari. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliviita kwa hizo pembetatu. Mark Horton, aliyechimba mji wa kale wa Shanga kwenye kisiwa cha Pate, Kenya, akaviita vya Tana. Mabishano yao kuhusu jina tuwaachie wenyewe.

Ila mmeona? Hata yale yenye majina ya mahali, makundi haya yanatambuliwa zaidi kwa kutazama shingo na mdomo wa chungu. Kitako, ambacho ndicho kilichokuwa kinaliwa na moto, hakuna aliyekipa jina. Isipokuwa Urewe, ambao vitako vyao vina kibonyeo cha kidole, na hao ndio mwanzoni waliitwa kwa kibonyeo hicho.

Naendelea chini. Msikae mbali.

Msaka Hoja

Nimeweka kigoda mbele kabisa.

Kigae Kimoja

Tuanze na udongo.

Mtu asiyefinyanga anadhani udongo mzuri ni ule laini, safi, unaonata kama unga wa chapati. Kwa chungu cha kupikia huo ni udongo wa kukutia hasara. Ukikauka unasinyaa sana na kupata nyufa. Ukiingia motoni, unyevu uliobaki unageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, chungu kinapasuka kwa kishindo. Kwa hiyo mfinyanzi akishachimba udongo wake bondeni au ukingoni mwa mto, akauanika, akautwanga, akatoa mizizi na vijiwe, akauloweka na kuukanyaga, bado anauchanganyia kitu kigumu: mchanga, makapi ya nafaka, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa upya. Chembe hizo zinapunguza kusinyaa na kumfungulia mvuke njia. Halafu kuna kazi yao nyingine ambayo ndiyo naipenda: ufa mdogo ukianza kutembea kwenye ukuta wa chungu unagonga chembe, unaishia hapo.

Sehemu za pwani maganda ya kombe yaliyosagwa nayo yalitumika, lakini yana mtego. Moto ukipanda sana, kama nyuzi 800 hivi, ganda linageuka chokaa. Chungu kitatoka kizuri kabisa, halafu baada ya siku chache chokaa inanyonya unyevu hewani, inafura, inaanza kubandua ukuta vipande vipande. Aliyetumia maganda ilimbidi aushike moto wake chini.

Ukitaka kujua mfinyanzi alichoma vipi, chukua kigae ukivunje kidogo utazame ubavu wake. Mara nyingi utaona nje mstari mwekundu, ndani mstari mwekundu, na katikati mweusi tii. Ule weusi ni mabaki ya mimea yaliyokuwamo kwenye udongo, ambayo hayakuwahi kuungua yakaisha kwa sababu moto ulikuwa mfupi. Kigae chekundu mpaka katikati kimekaa motoni zaidi au kimepata hewa ya kutosha. Cheusi mpaka nje kimefukiwa kikiwa cha moto, kikanyimwa hewa. Yote hayo unayasoma kwenye kipande kisichozidi kidole gumba.

Mama Wawili

Mkuu umenikumbusha mbali. Bibi mzaa mama yangu alikuwa mfinyanzi huko Usangi, Upareni. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kukanyaga. Alikuwa hapimi mchanga kwa kipimo chochote, anachukua udongo, anausokota kamba nyembamba anaizungushia kidoleni. Ikikatika anaongeza udongo, ikinyooka sana bila kukatika anaongeza mchanga. Na wanaume walikuwa hawasogei shimoni. Mjomba aliwahi kupita karibu na watu wakichimba, alifukuzwa kama mwizi.

Kijana wa Kagera

Dada hiyo ya wanaume kufukuzwa ni ya kwenu huko. Buganda wafinyanzi ni wanaume, na walikuwepo wa ikulu kabisa, wa kumfinyangia Kabaka.

Kigae Kimoja

Wote mko sahihi. Upareni, kwa Waluo, kwa Wakamba, kwa Wakisi wa Ziwa Nyasa, kazi ni ya wanawake. Buganda ni wanaume. Rwanda na Burundi ufinyanzi ulijulikana zaidi kuwa kazi ya Batwa, wake kwa waume.

Na kile kipimo cha bibi yake Mama Wawili, wafinyanzi wa nchi nyingi wanakitumia mpaka leo. Kamba ya udongo kidoleni inakuambia unavyonyumbulika, na unyumbukaji ndio unaotabiri kusinyaa.

Sasa kufinyanga kwenyewe. Hakuna gurudumu. Njia iliyoenea ni kuchukua bonge, kulitoboa katikati kwa ngumi, kuvuta kuta juu, kisha kuongezea kamba za udongo moja juu ya nyingine huku ukiziunga kwa kidole ndani na nje. Kamba isiyoungwa vizuri utaijua tu, chungu kitavunjika kwa mviringo pale pale ilipokaa. Wengine, Wakikuyu kwa mfano, walianza na nusu ya juu: mdomo, shingo, bega. Wanaiacha ikakauka kiasi, wanaigeuza juu chini, ndipo wanakifunga kitako. Wakisi wa Ikombe wao wanakizungusha chungu juu ya kigae kadiri wanavyokipandisha, na kuta zao ni nyembamba mno kwa kazi ya mkono mtupu. Aliyefika gulio la Lyulilo pale Matema atakuwa ameviona vikishushwa kwenye mitumbwi.

Ukuta unaparuliwa kwa kipande cha kibuyu au ganda la kombe hadi unene uwe sawa pande zote. Hapa hakuna mchezo. Sehemu nene na sehemu nyembamba zikipata moto mmoja zinatanuka tofauti, na hapo zinapokutana ndipo ufa unapoanzia. Udongo ukifikia kukakamaa kama ngozi, ndani panasuguliwa kwa kokoto laini hadi pang'ae. Kisha chungu kinawekwa kivulini siku kadhaa, wakati wa masika hata wiki mbili na zaidi.

Mhandisi Mstaafu

Mleta mada, swali la kizembe kidogo. Gurudumu la mfinyanzi Misri na Mesopotamia lilikuwepo maelfu ya miaka. Pwani yetu ilifanya biashara na watu waliolitumia. Kwa nini wetu hawakulichukua? Naogopa jibu litakuwa lile la kutusifia tu.

Kigae Kimoja

Mkuu swali si la kizembe. Jibu lina sehemu ya ufundi na sehemu ya uchumi.

Kwenye ufundi, udongo wenye mchanga mwingi ukiuzungusha kwa kasi unakuchubua viganja. Gurudumu linapenda udongo laini, na udongo laini ndio ule unaopasuka mafigani. Pia gurudumu linakupa kitako bapa, wakati chungu cha kupikia kinataka cha mviringo.

Kiuchumi, gurudumu linamlipa anayefinyanga mwaka mzima kwa soko kubwa. Wa kwetu wengi walikuwa wakulima wanaofinyanga kiangazi, kuni zikiwa kavu na shamba limelala. Kwa mtu wa namna hiyo gurudumu ni mzigo ndani ya nyumba.

Kuhusu kitako cha mviringo, wewe mhandisi utanielewa haraka. Kona yoyote ni mahali ambapo mkazo unajikusanya. Kitako cha mviringo hakina kona, joto linatambaa sawasawa, na kinakaa vizuri juu ya mafiga matatu hata ardhi ikiwa na mabonde. Weka chungu cha kitako bapa juu ya mafiga, kisha uniambie kimedumu miezi mingapi.

Msaka Hoja

Sawa, lakini tusidanganyane. Pwani vyombo si vililetwa na Waarabu, Waajemi na Wachina? Nimefika Kilwa, nimefika Gedi, nilichokiona ni sahani za kigeni tu zimepachikwa ukutani na makaburini.

Kigae Kimoja

Ulichokiona ni kile walichotaka kionekane. Sahani za kijani za China na mabakuli ya Uajemi na Ghuba yalikuwepo kweli, wenye uwezo wakayapachika kwenye nguzo za makaburi na mihrabu. Lakini ukichimba jalala la mji huohuo, vyombo vya nje kwa kawaida ni chini ya asilimia 5 ya vigae vyote. Kinachobaki ni vya wenyeji, na vilivyo vingi vina masizi. Shanga inaanza karne ya 8 na vyungu vyake vya mwanzo kabisa ni vile vyenye pembetatu, vinafanana na vya mbali bara. Chombo kilichopakwa kioo, cha kutoka Basra, ukikitia mafigani kitakuaibisha mbele ya wageni. Tajiri wa Kilwa alikula kwenye bakuli la Mwajemi chakula kilichoiva kwenye chungu cha jirani.

Mwana wa Visiwani

Kaka hapo umenena. Kwetu Pemba mpaka leo mchuzi wa papa bila chungu ni wa kupoza njaa tu. Ila mbona hujasema kuchoma? Marehemu nyanya alikuwa akisema chungu hufinyangwa kwa mkono na huzaliwa kwa moto, na siku ya kuchoma alikuwa hasemeshwi.

Kigae Kimoja

Shukrani, nilikuwa naelekea huko.

Tanuri halikuwepo, vyungu vilichomwa uwanjani. Kwanza vinapashwa joto pole pole kando ya moto au kwa kutiwa makaa ndani, ili maji ya mwisho yatoke. Kisha vinapangwa juu ya kuni na magome, vinafunikwa kwa nyasi kavu, samadi ya ng'ombe au chochote kiunguacho kwa wepesi, moto unawashwa. Joto linapanda haraka sana. Kati ya nyuzi 550 na 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe yanatoka, na kuanzia hapo hata ukiloweka mwaka mzima haurudi kuwa tope. Moto wa namna hii kwa kawaida unafika kati ya 600 na 900, na upepo ukibadilika upande mmoja unakuwa moto kuliko mwingine. Ndiyo maana bibi zetu hawakutaka kusemeshwa. Saa moja au mbili zile zilikuwa zinaamua kazi ya wiki tatu.

Kikitoka kikiwa chekundu kwa joto, wengine wanakinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa, au wanakipaka uji mwembamba. Nje pataota madoa meusi. Watu wanaona ni mapambo, lakini kazi yake ni kuziba vinyweleo. Jaribio limeshafanywa: chungu kisichozibwa ndani, maji yanapenya ukutani na kugeuka mvuke upande wa nje, na mvuke ule unaondoka na joto. Kingine hakichemki kabisa hata ukichochea kuni vipi. Ndiyo ile hali unayoitaka kwenye mtungi wa maji ya kunywa ili yapoe, na ndiyo usiyoitaka kwenye chungu cha maharage. Mfinyanzi yuleyule, udongo uleule, mtungi anauacha utoke jasho, chungu anakiziba.

Mama Wawili

Bibi alikuwa akikitoa anakigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Kikilia kama kengele anakiweka kulia. Kikijibu kizito, kama umegonga ubao uliolowa, anakiweka kushoto, na hicho hauzi hata umpe hela mara mbili. Cha kushoto tulikuwa tunanyweshea kuku.

Mhandisi Mstaafu

Sauti nzito ni ufa. Hata sisi tulikuwa tunagonga magurudumu ya treni kwa nyundo kwa sababu hiyohiyo.

Mwana wa Visiwani

Haya, tuingie jikoni sasa. Nyanya alikuwa na vyungu tofauti: cha wali, cha mchuzi, kaango la samaki, bungu la kuandalia. Wali ukikauka maji anaufunika kwa mkungu, kile kifuniko cha udongo, anapunguza moto chini, makaa anayapalia juu ya mkungu. Ukoko wake tulikuwa tunaugombania.

Kigae Kimoja

Na akiolojia inamuunga mkono nyanya yako. Pemba kwenyewe kuna Tumbe, mji wa kati ya karne ya 7 na ya 10, na Chwaka uliofuata kuanzia karne ya 11. Mbegu zilizoungua za Tumbe nyingi ni za mtama na uwele. Za Chwaka mchele umetawala. Kadiri karne zilivyokwenda, pwani vikaongezeka vyombo vya mdomo mpana na mabakuli ya kuandalia, na wapo wachambuzi wanaosema karamu zilikuwa zimegeuka siasa: anayelisha wengi ndiye mkubwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali wa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu umepangwa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Sinia la mbao alilitaja. Vyungu vilivyopika yote hayo hakuvitaja. Mgeni haoneshwi jiko.

Tena wanaosema "ugali wa mababu", mababu hao wa Shanga na Kilwa hawakuwa na mahindi wala muhogo. Vyote vimetoka Amerika baada ya Wareno kuanza kupita huku. Ugali wao ulikuwa wa mtama, uwele au ulezi.

Turudi kwenye masizi, maana ndiyo niliyoyaahidi. Moto ukipiga moja kwa moja chini ya kitako, masizi ya hapo yenyewe yanaungua yakaisha, kitako kinabaki cheupe au chekundu. Masizi yanaganda ubavuni, pale ambapo mwali unapita bila kukaa. Kwa hiyo kigae cha kitako kikiwa kisafi na cha ubavu kikiwa cheusi, chungu kilikaa juu ya mafiga. Kitako kikiwa kimeungua hovyo na masizi kidogo, huenda kilikaa moja kwa moja kwenye makaa. Ndani nako kuna habari zake. Kitu cha kuchemka kwa maji mengi kinaacha mviringo mweusi juu, usawa wa maji. Kitu kizito kilichokaukiwa kinaacha doa chini. Pombe haiachi weusi wowote, ila tindikali yake inakula ukuta wa ndani na kuuachia vidonda. John Arthur aliliona hilo kwa Wagamo wa Ethiopia, ambao bado walikuwa wanavitumia vyungu vyao, na sasa mtu akiokota kigae chenye vidonda hivyo anajua pa kuanzia kufikiri.

Kijana wa Kagera

Sasa nimechanganyikiwa. Unajuaje kilipikwa nini? Masizi ni masizi.

Kigae Kimoja

Masizi ya nje ni kuni. Chakula kiko ndani ya ukuta. Mafuta ya chakula yanapenya kwenye vinyweleo vya udongo na yanaweza kukaa humo maelfu ya miaka, hata kigae kikioshwa. Maabara wanasaga kipande kidogo, wanayakamua yale mafuta, wanapima uwiano wa aina za kaboni. Mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama ya ng'ombe yuleyule yanatofautiana.

Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Katherine Grillo ilitoa matokeo ya vigae 125 vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda, mkoani Manyara, makazi ya miaka kama 3,000 iliyopita. Wakakuta mafuta ya nyama, maziwa kwenye baadhi, na dalili za mimea. Yaani supu ya mifupa na nyama kwenye chungu ni chakula cha kale mno kwa watu wa ukanda ule. Kwenye Sahara ya Libya, maziwa yalishapikwa vyunguni miaka 7,000 iliyopita.

Kuna jaribio jingine la mwaka huohuo 2020 ambalo naona lingewafaa watu wa uzi ule wa maharage. Watafiti, Melanie Miller akiwa mmojawapo, walinunua vyungu vya La Chamba, Colombia, wakapika humo kila wiki kwa mwaka mzima, chungu kimoja chakula kimoja, halafu mwishoni wakabadilisha pishi. Mabaki yaliyoungua na kuganda yalionyesha chakula cha mwisho tu. Utando mwembamba chini yake ulikuwa mchanganyiko. Mafuta yaliyozama ukutani yalisimulia mapishi ya muda mrefu. Kwa hiyo chungu kimoja kina kumbukumbu tatu za umri tofauti, na ukikisugua kwa wembe umeanza kwa kufuta ile ya juu.

Msaka Hoja

Hapa nimenyoosha mikono. Swali la mwisho: mbona vigae ni vingi hivyo ardhini? Walikuwa wanavunja kwa hasira?

Kigae Kimoja

Hahaha. Chungu kinachopikiwa kila siku kikipata mwaka mmoja hadi mitatu kimejitahidi. Mtungi mkubwa usiohamishwa unaweza kukaa miaka na miaka. Sasa piga hesabu ya nyumba mia, kila moja na vyungu vitatu vinne, kwa karne tano. Na kigae hakiozi. Kuni zimeoza, majumba ya udongo yameanguka, mikeka imeisha, vigae vipo.

Kuvunjika hakukuwa mwisho pia. Gae kubwa lilibebea moto kutoka kwa jirani. Vidogo vilisuguliwa vikawa duara, vikatobolewa katikati, vikawa uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Kilwa na Shanga vimepatikana vingi. Vilivyobaki vilirudi kinuni kuchanganyiwa kwenye udongo wa chungu kipya.

Mama Wawili

Mimi nataka la kutumia kesho. Nimenunua chungu barabarani, chekundu, kizuri. Kina usalama? Wanasema vina madini ya risasi.

Kigae Kimoja

Dada, risasi inayoogopwa iko kwenye rangi za kung'aa zilizochomwa juu ya vyombo, zile zinazofanya chungu king'ae kama kioo. Chungu cha kienyeji kisichopakwa kitu hakina rangi hiyo. Kilichopakwa rangi ya dukani kwa ajili ya wageni, weka maua.

Kukizoesha moto: kiloweke usiku kucha, kifute, paka mafuta ndani, chemsha uji mwembamba au maji ya mchele kwa moto mdogo hadi viwe vizito, acha kipoe chenyewe. Wanga ule ndio unaoziba vinyweleo. Baada ya hapo usimwage maji baridi kwenye chungu cha moto, na usitumie sabuni. Inazama ukutani kama mafuta yanavyozama, halafu inarudi kwenye mchuzi wa wiki ijayo. Kwenye jiko la gesi weka bati la kusambazia moto chini yake. Na ukiivisha maharage, zima mapema. Ukuta ule umeshikilia joto, yataendelea kutokota yenyewe.

Kijana wa Kagera

Mkuu samahani, nimerudi. Haya mambo yamenigusa kwa sababu nachimba msingi huku kwetu, karibu na Muleba, na fundi ametoa vigae ndoo nzima, vingine vina mistari mdomoni na kimoja kina kibonyeo chini. Nimeviosha vizuri nikutumie picha?

Kigae Kimoja

ACHA. Usiongeze kuosha hata kimoja. Simamisha kuchimba upande ule, usihamishe vilivyobaki ardhini. Piga picha vilivyo na weka rula au hata kiberiti pembeni, andika kina cha shimo na rangi ya udongo vilipotoka. Angalia kama kuna mkaa au mabonge mazito yenye vitundu kama uchafu wa chuma. Kesho asubuhi nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya, aifikishe taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale na ugunduzi unatakiwa kutolewa taarifa, na kibonyeo hicho kwa huko kwenu kinaweza kuwa Urewe wa miaka elfu mbili na ushee. Ulivyokwisha kuosha vifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki.

Kijana wa Kagera

Duh. Fundi kashaanza kumwaga zege upande wa pili. Ngoja nimpigie.